Mnafu wa Bibi Mwamvua

Kila nipitapo penye robota la mitumba lililofunguliwa dakika hiyo, ile harufu ya dawa na vumbi la mbali hunirudisha kwenye uwanja wa shule yetu, chini ya milima ya Uluguru, nikiwa na miaka kumi na miwili na filimbi shingoni.

Biashara ya nje ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusiwa. Sokoni Morogoro nguo za ng'ambo zilimwagwa juu ya maturubai, na Mwalimu Tekla, mlezi wa skauti shuleni kwetu, alinunua mapazia mawili ya kijani akayakata skafu kumi na nane. Tulizifua mara tatu, harufu ikakataa kutoka. Tukipiga gwaride juani, kikosi kizima kilinuka kama kabati la mtu aliyehama.

Kikosi chenyewe kilikuwa changu. Wasichana kumi na saba wa darasa la kwanza na la pili, nami wa darasa la sita, kiongozi wao. Niliwafundisha kufunga mafundo, kusimama wima, kuinua vidole vitatu bila kucheka. Nilipiga filimbi hata pasipo na haja. Mama alilalamika kwamba hata chumvi mezani naiomba kama natoa amri.

Kabla ya siku ya kula kiapo, kila kikosi kilipaswa kufanya kazi moja ya huduma. Sisi tulipewa Bibi Mwamvua, ajuza wa Kiluguru aliyeishi peke yake mlimani, mwendo wa nusu saa juu ya shule.

"Mkamsalimie, mkamuulize ana kazi gani," Mwalimu Tekla alituagiza.

Tulipofika Jumamosi ile, Bibi hakuwepo. Alikuwa ameteremka sokoni. Mwingine angesubiri. Mimi nilitazama majani yaliyoizunguka nyumba kuanzia migombani hadi mlangoni, nikaona aibu kwa niaba yake, nikapuliza filimbi.

"Ng'oeni yote!"

Zuhura, mdogo kuliko wote, aliyekuwa hana meno mawili ya mbele, alinivuta sketi. "Dada kiongozi, haya si ndiyo mama huwa anapika?"

"Skauti hahoji, Zuhura. Ng'oa."

Akang'oa. Tulikusanya rundo, tukalichoma, tukafagia mpaka udongo mwekundu ukabaki na mistari ya fagio kama kichwa kilichochanwa. Tuliteremka tukiimba.

Jumatano jioni mama alirudi na kabichi.

"Leo mtanisamehe," alisema. "Yule bibi wa mlimani anayeniuzia mnafu hana kitu. Anasema watu walikwenda kwake akiwa sokoni, wakang'oa mboga zake zote, wakachoma. Analia, bibi wa watu."

Sikuuliza ni bibi yupi. Nilikula kabichi ile kama ninayetafuna karatasi. Shuleni nilimkwepa Zuhura siku mbili nzima, naye hakumwambia mtu. Afadhali angesema.

Jumamosi wazazi walijaa uwanjani. Watoto wangu walipita mmoja mmoja mbele ya bendera, wakala kiapo bila kukosea hata neno. Kisha Mwalimu Tekla akaniita anivishe beji ya huduma. Makofi yakalia, mama yangu akapiga kigelegele kilichofika barabarani. Beji ilikuwa imeshagusa kola yangu.

"Mwalimu, naomba niseme kwanza."

"Sema."

Niliwageukia wazazi. "Bibi Mwamvua hatukumsaidia. Tulimng'olea mnafu wake tukauchoma. Zuhura aliujua, akaniambia, nikamnyamazisha. Kosa ni langu, si la hawa wadogo."

Mtu mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Mwalimu Tekla alinitazama, akaitia beji mfukoni.

"Basi sherehe imekwisha," alisema. "Ongoza njia."

Tukapanda mlima na skafu zetu shingoni, wazazi wengine wakitufuata. Bibi Mwamvua alikuwa kizingitini, akiutazama ule uwanja safi. Tulimwamkia shikamoo kwa sauti moja. Aliitikia marahaba, na Mwalimu Tekla akamweleza kilichotuleta.

"Nani aliwaambia mng'oe?"

"Mimi, Bibi. Naomba unisamehe."

Aliingia ndani, nikadhani anafuata fimbo. Alitoka na kitambaa kilichofungwa fundo, akakaa chini kulifungua. Ndani mlikuwa na mbegu, ndogo kama mchanga.

"Leteni mikono," alisema. Kila mtoto alipata chembe chache, Zuhura akaongezewa. "Na wewe mwenye filimbi, kaa nyuma ya huyu mdogo. Akikuonyesha, fuata."

Nilifuata. Tulipanda, na kila Jumamosi iliyofuata tulimbebea maji kutoka kijitoni, hadi majani yakachomoza na Bibi akarudi sokoni na tenga lake. Beji nilipewa baadaye, ofisini kwa walimu, bila mtu wa kupiga makofi. Siku zote zile nilijiona shujaa: nilikuwa nimesimama mbele ya umati nikasema kweli.

Sasa naongoza wauguzi, na vijana huniharibia kazi mara kwa mara. Huja wakisema ukweli wao wote, machozi yakiwalenga, na mara nyingi ninachotaka ni waondoke mbele yangu nikairudie kazi mwenyewe. Hapo ndipo nilipomwelewa Bibi Mwamvua. Kusema kwangu kulichukua dakika moja. Yeye alikuwa amebakiwa na kitambaa kimoja cha mbegu, na mikono yake ilijua kuzipanda kuliko yetu sote. Akazigawa katika viganja vilevile vilivyomng'olea, kisha akakaa kizingitini kwake, akatuacha tupande.