Kilio Kilichopotea Njia

Filamu ile ilipofika Kolwezi ilikuwa imekwisha kushinda tuzo huko Ulaya. Padri alitutangazia kanisani, kabla hata ya matangazo ya ndoa: sinema iliyopigwa hapa kwetu, katika kambi ya wachimbaji, imezipita nyingine zote na kupewa kombe. Watu walipiga makofi ndani ya kanisa, jambo ambalo sikuwa nimepata kuliona. Jumamosi hiyo, jua lilipozama, kambi nzima ilibeba viti mpaka kwenye ukuta mweupe wa ukumbi. Watu wa mtaa wa Manika walikuja kwa baiskeli, wake zao wamepakiwa nyuma, wamevaa vitenge ambavyo havijafuliwa bado.

Nilibeba kiti kama wengine. Mume wangu alikuwa ndani ya filamu.

Mpiga picha alimchagua kwa sababu ya meno yake na kicheko chake. Walimfunga bendeji kichwani wakamwambia atoke katika mlango wa hospitali akitabasamu, kama mchimbaji aliyeumia akapona. Walimrudisha ndani na kumtoa tena mpaka bendeji ikalegea. Nyumbani tulicheka sana siku ile.

Basi nilikaa nikimsubiri atoke. Kwanza yalipita mashimo, mabehewa ya madini, akina mama wakipokea posho. Mfasiri alieleza kila kitu kwa kipaza sauti. Kisha ukuta ukajaa wanawake walioketi chini mbele ya hospitali, wamevua vitambaa vya kichwa, migongo yao kwetu. Mmoja alikuwa akipiga udongo kwa viganja. Aliyekuwa kando yake alimwekea mkono mgongoni, na mkononi mlikuwa na bangili ya shaba iliyopinda upande mmoja. Niliitazama bangili ile, kisha nikatazama chini, kwenye mkono wangu.

"Ule njo bibi ya mugonjwa," mfasiri alisema juu ya yule aliyepiga udongo. "Analia, anaogopa bwana yake atakufa."

Mlango ukafunguka. Mume wangu akatoka, anacheka. Watu waliruka kutoka vitini, vigelegele vikajaa uwanja, na yeye mwenyewe, aliyekuwa ameketi kushoto kwangu, akainuka na kupunga mkono kama chifu. Mimi nilibaki nimeketi, nimeifunika bangili kwa kiganja.

Kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Mwanamke aliyepiga udongo alikuwa jirani yangu, niliyemwita yaya, dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri. Mumewe alikufa mwamba ulipoporomoka shimoni, nasi tuliketi nje ya chumba cha maiti tukingoja kupewa mwili. Mpiga picha alisimama nyuma yetu na mashine yake. Tulidhani anapiga picha ya jengo, maana hospitali ilikuwa imepakwa rangi upya. Huko Ulaya wakakikata kilio cha yule aliyekufa, wakakishona kwa mume wangu aliye hai.

Wazazi wangu waliletwa kutoka Kasai kwa kazi ya mgodi, na mama zangu walinilea na neno moja kuhusu misiba: kilio kina mwenyewe. Usiketi chini, kichwa wazi, kwa ajili ya mtu anayepumua. Ukifanya hivyo umemtengenezea nafasi kaburini. Na kilio kikipotea njia, anayeweza kukirudisha ni yule aliyekianzisha tu. Ni lazima aseme mbele ya watu alikuwa akimlilia nani.

Nilikuwa nimesoma kwa masista. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya kale. Hofu haikuuliza nimesoma wapi.

Kwenye bomba la maji wanawake walinizunguka, wakidhani aliyepiga udongo ni mimi. "Mama, ulilia bien, muzuri sana!" mmoja alisema. "Kama mi nilikuwa nalia vile, bwana yangu angeninunulia kitenge kila mwezi." Mwingine alinijia amejishika kiuno: "Tufundishe basi. Machozi inatoka wapi?" Wakacheka, nami nikacheka nao huku ndoo ikifurika. Kwenye nyumba ya akina mama, tulikojifunza kushona, madamu aliyetufundisha aliniita mbele niwaambie wenzangu jinsi filamu ilivyonifurahisha. Nilisema ni nzuri. Ningesema nini? Hata padri aliipenda. Mtu wa kuichukia ndani ya kambi ile angeulizwa anakula chakula cha nani.

Nyumbani nilijaribu.

"Ile filamu siipendi," nilimwambia mume wangu.

"Juu ya nini?"

"Nimekulilia ndani yake kama maiti."

Aliendelea kumega bukari, ugali wetu, akaichovya kwenye mchuzi wa sombe, majani ya muhogo. "Tazama maiti anavyokula," alisema. "Ongeza sombe, mama. Maiti hajashiba."

Juma lililofuata alirudi kutoka kazini na kofia yake ya chuma imebonyea. Jiwe lilikuwa limemwangukia. Aliiweka mezani ili watoto watie vidole pale ilipobonyea, akawaambia kwamba watu wa sinema wana vichwa vigumu. Toka siku hiyo king'ora cha zamu kilipolia nilikuwa nimekwisha simama mlangoni. Niliwatazama wanaume wakipanda barabara yetu, wote wa rangi moja ya vumbi, nikitafuta mwendo wake. Walipompita mlangoni mwetu wakimwita "Mufufuka!" yeye alicheka, na mimi niliingia ndani.

Yaya hakuwa tena kambini. Mume akifa, nyumba hupewa mchimbaji mwingine. Alikuwa amekwenda kukaa kwa kaka yake, mfanyakazi wa reli huko Lubudi. Nikasikia filamu imekwisha onyeshwa Tenke, na sasa inaelekea huko huko Lubudi. Kama angeiona bila kujua, na akalia tena mbele ya sura ya mume wangu, kilio kingekuwa cha pili. Nilimwambia mume wangu ukweli. Alitikisa kichwa, lakini aliniombea ruhusa ya safari, akaniandalia hata nafasi karibu na dirisha la treni.

Nilimkuta yaya akipepeta mahindi. Alinitazama mikononi.

"Unaleta nini? Samaki?"

"Naleta maneno, yaya."

"Basi ningependa samaki."

Nilimweleza yote, tangu bangili mpaka kofia. Alisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilipomaliza nikamwomba aseme mbele ya watu kwamba kilio kile hakikuwa cha mume wangu.

"Bantu ba Tenke balishaniambia," alisema. "Balisema bwana yangu analiliwa, kisha anatoka muzima."

"Ni bwana yangu anayetoka, yaya."

"Mi najua. Lakini mi sijamuona bado." Aliweka ungo chini. "Mudogo yangu, weye unaogopa wako atakufa. Mi, wangu anatoka kwenye mulango kila posho, kila juma, kwa macho ya bantu bote, isipokuwa mi. Acha nione mara moja."

Nilikuwa nimepanda treni nikiamini kwamba sisi wawili tutaichukia filamu ile pamoja.

Jioni hiyo hiyo tulikwenda kwenye ukuta wa bohari la reli. Alivaa kitambaa cheupe. Mabehewa ya madini yalipita kwanza. Mgongo wake ulipotokea ukutani alijisogeza mbele, akautazama kama mtu anayemtazama mgeni njiani. Mfasiri alisema maneno yale yale. Kisha mlango ukafunguka.

Yaya alisimama kabla ya watu wote. Uso wake ulikuwa umefunguka, na kwa kitambo kifupi niliona hofu yangu yote ikitimia: alikuwa akimpokea. Mikono yake ilikuwa imeanza kuinuka. Mume wangu alicheka ukutani na meno yake yale. Mikono ikashuka.

"Hapana," alisema. Kisha kwa sauti iliyopita kipaza sauti: "Uyu haiko wangu! Ule mi nililia, alikufa. Alikufa Kolwezi, balimuzika, mi nilimuona. Uyu iko na bibi yake, arudie kwa bibi yake!"

Watu waligeuka. Mmoja alimwambia, "Kaa, mama, unatufunika." Mwingine alicheka. Picha ilikuwa imekwisha kwenda kwa watoto wanaoimba.

Alikaa. Sikumwekea mkono mgongoni. Mkono ule ulikuwa umekwisha pigwa picha mara moja, na niliuogopa.

"Sasa wako ni muzima," aliniambia bila kunitazama. "Enda."

Mume wangu alinipokea kesho yake kwenye kituo cha Kolwezi, akaniuliza kama maiti ameruhusiwa kula. Nilimwambia ameruhusiwa. Alifanya kazi shimoni mpaka alipostaafu. Mimi kila king'ora kilipolia niliendelea kusimama mlangoni, na nilipouona mwendo wake nilimshukuru Mungu, kisha nikamkumbuka yule wa Lubudi aliyeshusha mikono yake.