Sweta la Kamera

Mama mkwe wangu alikuja Dar es Salaam kutusalimia kwa wiki mbili, akakaa miezi minane. Alitoka Njombe na kikapu cha viazi, sindano mbili ndefu za kufumia, na sweta zito la sufu, rangi ya maziwa, alilokuwa amelivaa. Tulipompokea kituo cha mabasi jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye nyusi, lakini hakulivua. Alilivua tulipofika nyumbani Kinondoni, akalikunja na kuliweka chini ya mto wake, na kwa muda mrefu sikuliona tena.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha darasa la tatu pamoja na kazi za mikono. Kwetu ni Masasi. Mume wangu alifundisha baiolojia sekondari. Ndoa yetu ilikuwa na mwaka mmoja na nusu, na mie nilikuwa bado namwogopa mama mkwe. Si kwamba alinigombeza. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Nikipika mchicha wa nazi anakula wote, anasema, "Asante, mwanangu," halafu namsikia akimuuliza mwanawe jambo kwa Kibena. Nilimbana mume wangu mpaka akanitafsiria: alikuwa anauliza kama huku Pwani hata chai inaungwa kwa nazi.

Enzi zile za kujitegemea walimu walihimizwa kuandika vitabu kwa Kiswahili. Mume wangu alikuwa amechoka na vitabu vyenye picha za ndege wa Ulaya waliotua kwenye theluji. Kila mwaka mwanafunzi mmoja alimuuliza kile cheupe ni unga au chumvi. Akaamua kutunga kijitabu cha ndege wa Pwani, chenye picha zilizopigwa hapahapa. Kamera alikuwa nayo. Mwalimu mmoja mgeni alipomaliza mkataba wake alimwachia, pamoja na lenzi ndefu kama mchi, yote rangi ya fedha, inayong'aa kama sufuria lililotoka dukani.

Jumapili baada ya ibada tulipanda basi la Bagamoyo, tukashuka Bunju. Wakati ule Bunju ilikuwa mikorosho na vichaka, nyumba zikiwa mbalimbali, na mashimo makubwa ambayo watu walikuwa wamechimba mchanga wa kujengea. Kwenye ukingo wa shimo mojawapo keremkerem wawili walikuwa wametoboa tundu la kutagia. Ni ndege mdogo, mgongo wa kijani, koo la njano, na utepe mweusi umezunguka shingoni. Anakula nyuki. Anamdaka hewani, anatua kwenye kijiti, anampigapiga mpaka mwiba umtoke, ndipo anampeleka kwa makinda.

Mume wangu alilala kifudifudi kichakani, lenzi ameielekeza tunduni. Keremkerem akaja na nyuki mdomoni. Akatua mbali. Akaiangalia ile lenzi iliyokuwa inawaka jua, akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule, kisha akammeza yule nyuki mwenyewe, akaruka zake. Ikawa hivyo mara sita. Jumapili ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Nami nilianza kuwaonea huruma makinda.

"Tatizo ni hii," mume wangu alisema tuliporudi, akiigonga lenzi kwa ukucha. "Inawaka kama kioo. Mke wangu, ivalishe nguo."

Nguo zenyewe zilikuwa za shida. Ukisikia duka la ushirika limepokea vitambaa, unakimbia kupanga foleni, na ukifika mbele unakuta vimebaki vipande vya kushonea mashati ya watoto. Nikachukua pande la khanga yangu kuukuu, nyekundu na nyeusi, nikaishonea lenzi mfuko. Mume wangu aliutazama akacheka.

"Watadhani wamealikwa harusini."

Nikajaribu gunia la katani. Nilivunja sindano mbili za cherehani, lakini Jumapili ile aliondoka nalo kwa furaha, lenzi imekuwa ya hudhurungi kama gogo. Alirudi saa kumi jioni amenuna. Vumbi la katani lilikuwa limeingia kwenye pete ya kurekebishia, ile unayoizungusha ili picha isiwe na ukungu, nayo ikakwama. Alikuwa anajikuna shingo, na nyuzi za katani zimemganda kwenye ndevu kama mbuzi aliyetoka kula mkeka.

Hapo ndipo nilipomsikia mama mkwe akicheka kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameketi barazani anamenya viazi, akaweka kisu chini, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hicho kitu."

Akaipakata lenzi, akaigeuza, akaipima kwa viganja.

"Hiki kina shingo, kina kiuno, kina tumbo," alisema. "Kitu chenye kiuno hukivalishi gunia, mwanangu. Kinataka sweta."

Akaingia chumbani, akatoka na lile sweta lake. Kabla sijaelewa anataka kufanya nini, alikuwa ameshakata uzi wa pindo kwa meno na kuanza kufumua.

"Mama, usilifumue! Sweta zima hilo!"

"Nitalivaa lini kwenye jiko hili mnaloliita mji? Nyoosha mikono."

Nikanyoosha mikono. Akawa anafumua, na mie nauzungushia uzi kwenye viganja vyangu, tumekaa tunaangaliana, magoti yakigusana. Kazi ile ilituchukua jioni nzima, na huwezi kukaa hivyo jioni nzima bila kuzungumza. Akanisimulia alivyomfuma mwanawe kofia ya kwanza, ikawa kubwa mno, mtoto akaingia nayo kanisani imemfunika macho akampita mchungaji. Akaniuliza nani alinifundisha kupika. Nikamwambia bibi yangu, na kwamba kwetu mboga isiyo na nazi anapewa mgonjwa.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Na mie nilidhani unataka kuninenepesha nishindwe kurudi kwangu."

Tulicheka wote wawili, na mikono yangu ikashuka, uzi ukavurugika, tukaanza upya.

Alifuma siku nne. Vipande vilikuwa vitatu: cha shingo, cha tumbo na cha mdomo, na katikati yake ameacha nafasi, ili mume wangu aweze kuzungusha pete mbili, ya kurekebishia na ya kuingizia mwanga. Mapindo aliyafuma kwa mtindo wa kubana, kama mdomo wa soksi, ili yasiteleze. Kila jioni aliijaribisha lenzi kama anayempima mtoto nguo ya sikukuu. "Simama vizuri," aliiambia, na mie nikaishika isianguke.

Tatizo likawa moja. Sweta lilikaa sawasawa, lakini lilikuwa jeupe. Keremkerem angeliona tangu Tegeta.

"Rangi ni kazi yako," mama mkwe aliniambia. "Mie nimeshamaliza."

Hapo nilikuwa mwenyeji. Kwetu nilikuwa nimekua nikiwaona mama zangu wadogo wakitia rangi ukili wa mikeka. Nilichemsha magome ya mkorosho kwenye debe, uani, mpaka maji yakawa mekundu ya kahawia. Nikavikunja vile vipande, nikavifunga vifundo kwa kamba ili pale palipobanwa pasishike rangi, nikavitumbukiza. Baadaye nikavifungua, nikafunga vifundo pengine, nikavitia kwenye maji ya majani ya mwarobaini, na mwisho nikapaka tope jeusi la bondeni kwenye pembe chache. Harufu ilizunguka mtaa. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua akauliza tunapika nini. Mama mkwe akamjibu kwa utulivu kabisa:

"Tunapika sweta, mama. Karibu."

Vilipokauka havikuwa na rangi moja tena. Vilikuwa na mabaka ya kahawia, ya kijani kilichofifia, na meusi, kama mgongo wa kenge. Mume wangu aliivalisha lenzi, akaiweka chini ya mpera wetu, akarudi nyuma hatua kumi. Haikuonekana. Alipiga makofi peke yake pale uani.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alisema anakuja. Nilimkumbusha kuwa kuna jua, kuna siafu, na hakuna pa kukaa. Akasema hakufuma siku nne nzima ili asione nguo yake inavaliwa vipi.

Basi tulikuwa watatu, tumejilaza kichakani kando ya shimo la mchanga, mama mkwe kwenye kitenge alichokitandika, tunangoja. Nyuma yetu jani kavu likavunjika.

"Shikamoo, mama," sauti ya mwanamume ilisema.

"Marahaba, baba," mama mkwe akaitikia.

"Mko chini ya ulinzi. Msiguse kitu."

Alikuwa mgambo wa kijiji, mtu wa makamo, kaptura ya kaki imepigwa pasi, na begani ana bunduki ya mbao ya kufanyia mazoezi. Siku hizo tulikuwa tunaambiwa tuwe macho na wapelelezi, na yeye alikuwa macho hasa. Alikuwa ametuona toka barabarani tukiingia vichakani na mzigo. Akainyooshea kidole lenzi.

"Hilo ni nini?"

"Sweta," mama mkwe akasema.

Mume wangu akasimama haraka, akatoa barua ya mkuu wake wa shule. Yule bwana aliisoma taratibu, akarudia. Kisha akaikunja.

"Barua inasema kamera," alisema. "Hapa sioni kamera. Naona bomba lenye manyoya, limeelekezwa kijijini."

Na kweli, ukiangalia ng'ambo ya shimo, zaidi ya tundu la keremkerem, paa la ofisi ya kijiji lilikuwa linaonekana. Mume wangu akaanza kueleza habari za baiolojia, za vitabu, za theluji. Nilimwona akizidi kujiharibia. Mama mkwe akajifuta mchanga viwikoni.

"Baba," alimwambia yule mgambo, "weka hiyo mbao yako chini, ulale hapa, uangalie mwenyewe. Lakini usitikisike. Tumengoja tangu ibada."

Sijui ni ile sauti yake, au ni kwa kuwa mgambo alikuwa ameshampa shikamoo na hawezi kumkatalia. Aliiegemeza bunduki kwenye mkorosho, akalala kifudifudi na kaptura yake ya pasi, akaweka jicho kwenye kamera.

Keremkerem akaja. Alitua kwenye kijiti cha karibu, nyuki mdomoni. Akatazama upande wetu, upande wa lile sweta, na hakuona kitu. Akampigapiga nyuki wake. Kisha, kwa mara ya kwanza katika wiki tano, akaruka moja kwa moja akaingia tunduni.

"Amevaa tai!" mgambo alinong'ona. "Mama, ndege amevaa tai nyeusi! Huyu karani kabisa!"

"Bonyeza hapo juu," mume wangu akanong'ona kama anayetaka kulia. "Akitoka, bonyeza."

Alibonyeza. Akabonyeza tena. Mume wangu aliomba kamera yake mara tatu ndipo akarudishiwa, na hata hivyo kwa masharti ya kupokezana. Tulikaa mpaka filamu ikaisha, tukala viazi vya mama mkwe vilivyochemshwa. Mgambo alitusindikiza mwenyewe mpaka barabarani, yeye ndiye aliyebeba kamera, sweta limo ndani ya mikono yake kama mtoto mchanga.

Picha zilisafishwa kwenye studio moja hapo Kinondoni. Kati ya thelathini na sita, nne zilikuwa nzuri, na iliyozidi zote alikuwa ameipiga mgambo: keremkerem yuko mlangoni pa tundu, mbawa wazi. Nilifurahi sana. Mama mkwe aliishika, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mbona mmemfanya shomoro?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Mama mkwe hakukubali. Alikwenda studio kwa miguu, akaketi kando ya fundi ambaye kazi yake ilikuwa kuwatia maharusi wekundu wa midomo pichani, akamwelekeza rangi moja moja: mgongo kijani, si kijani hicho, koo njano ya embe bivu, jicho jekundu. Fundi alitoka jasho, lakini ndege akawa ndege.

Kijitabu chenyewe kilitoka mwaka wa pili, kwa karatasi ngumu, bila rangi, na chini ya picha ile mume wangu aliandika kuwa imepigwa na mgambo wa kijiji. Nilikisoma na darasa langu na hakuna aliyeuliza habari za unga.

Lakini picha ya rangi tulimpelekea mgambo mwenyewe mapema, Jumapili iliyofuata ile aliyoipiga. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaiingiza mfukoni mwa shati na kufunga kifungo.

"Mmekuja na filamu?" aliuliza. "Basi nifuateni. Wiki nzima nimekuwa nazungukia miti."

Alitupeleka mbele kabisa ya mikorosho, kwenye mti mkubwa wenye ufa uliozibwa kwa udongo, umebaki upenyo mdogo. Hondohondo dume alikuja anapiga mbawa kwa kelele, akapenyeza tunda, na mdomo wa ndani ukalipokea.

"Jike amejifungia na mayai," mume wangu alieleza. "Hatoki mpaka makinda wakue. Chakula chote analetewa na dume."

Mama mkwe alimtazama yule ndege akienda na kurudi, akienda na kurudi. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Piga picha hiyo," alisema. "Piga nyingi. Moja uitundike jikoni."