Foleni ya Choo cha Watumishi

Jumanne moja nilipigwa faini kwa kosa la kutokuwa na choo.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo nikakamatwa kwa kosa la kuchimba choo.

Sijakosea kuandika. Rudia kusoma taratibu, nakusubiri hapa.

Naitwa Agnetha, wengi wananiita Mama Masalu. Ni fundi cherehani, mtoto wa Ngokolo, Shinyanga mjini. Niliolewa huku kwenye ukanda wa dhahabu, kijiji kimoja kisicho mbali sana na Masumbwe. Jina la kijiji naliacha, na la wilaya pia. Bado naishi hapo na sitaki usumbufu.

Mume wangu Herman ni mchimbaji mdogo. Wiki tatu yuko duarani chini ya ardhi, wiki moja yuko nyumbani. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ni yangu, mwanangu Masalu, na mama mkwe wangu, Mayo Mbuke. Bibi wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa maneno.

Basi, sikia ilivyoanza.

Miaka sita nyuma walikuja watu na kopo la rangi nyekundu. Wakachora X kwenye kila nyumba ya kitongoji chetu, na namba chini yake. Yangu ilikuwa 47.

Tukaambiwa kuna kampuni ya madini imeomba eneo. Tumefanyiwa tathmini, tutalipwa fidia, tutahamishwa. Mpaka siku hiyo ifike, ni marufuku kuendeleza chochote. Usijenge, usipande mti, usichimbe.

Tukauliza tutalipwa lini. Wakasema hivi karibuni.

Wakati huo Masalu alikuwa chekechea. Sasa yuko darasa la sita, anagawanya desimali, na hivi karibuni bado haijafika.

Kampuni yenyewe hatukuiona tena. Zilibaki X zetu, na neno la mtendaji wa kijiji, Ngassa, ambaye kila mkutano alitukumbusha kwamba zuio liko palepale.

Mvua za mwaka juzi zikatitisha choo chetu. Asubuhi tumeamka, choo kimezama, paa liko usawa wa magoti. Na si chetu peke yetu, zaidi ya nusu ya kitongoji vyoo vilienda na maji.

Kukarabati ni kuendeleza. Kuendeleza ni kosa. Tukawa raia wema, tukaanza kwenda vichakani, ng'ambo ya korongo.

Ndipo akaja Theonest.

Theonest ni bwana afya. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi la Agosti. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na kampeni ya choo bora. Akaniomba nimuonyeshe choo, nikamuonyesha paa. Akaniuliza kwa nini sijajenga kingine, nikamuonyesha X.

Aliitazama ile X kama mtu anavyotazama picha ya ukutani hotelini.

"Mama, mimi ni wa afya," akasema. "Hiyo ni ya ardhi."

Akaandika faini. Akanipa siku thelathini niwe nimejenga.

Bahati nzuri, au mbaya, Herman alikuwa nyumbani. Mtu anayeshuka mita arobaini kufuata jiwe ambalo huenda halina kitu, shimo la choo kwake ni mzaha. Jumatano jioni lilikuwa mita tatu, limenyooka kama limepigwa rula.

Alhamisi asubuhi Herman ameenda kutafuta nguzo, akaja Ngassa na mgambo wawili.

Nikampa ile karatasi ya Theonest, nikidhani nimemaliza kazi. Ngassa akaisoma yote, mpaka nyuma. Sikatai, ni msomaji mzuri.

"Hii si kibali, Mama Masalu. Hii ni faini."

Nikapelekwa ofisi ya kata. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa saba mchana, nikasaini ahadi ya kufukia shimo. Herman akalifukia mwenyewe, mgambo wakisimamia. Mmoja wao aliona aibu, akaomba jembe akasaidia.

Mayo Mbuke alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni anaangalia. Mimi namjua, akinyamaza ujue inamuuma.

Wiki mbili baadaye alianguka.

Kila alfajiri huwa naenda naye. Siku ile moto ulikuwa unanisumbua jikoni, nikamwambia anisubiri kidogo. Hakusubiri. Alichukua kopo lake la maji akaenda mwenyewe, nadhani hakutaka kunisumbua.

Aliyemkuta ni jirani yangu Mwanaima, muuza dagaa, mama mmoja wa Tabora aliyehamia huku na mumewe. Alimkuta chini ya korongo, mguu umegeukia upande. Nyonga imevunjika.

Tukakodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, mpaka Kahama. Kila shimo la barabara Mayo alikuwa anafumba macho, basi. Hakulia.

Hospitalini nesi akamuuliza imekuwaje. Mimi nikafungua mdomo nijibu, Mayo akanizuia kwa mkono.

"Nimezaa watoto tisa, nimezika wanne," akasema. "Leo nimefikia umri wa kuomba kibali cha kwenda haja."

Nesi akaweka kalamu chini.

Mimi nilicheka. Halafu nikagundua sicheki.

Tuliporudi kijijini, Mwanaima alikuwa ameshaita kina mama pale kisimani. Wengine walitaka tuandamane. Mwanaima akakataa. Alisema maandamano nayo yana kibali chake, na sisi na vibali tumeshindwana.

Kwa hiyo tukaanza na barua, kama watu waliosoma.

Kaya sitini na tatu zikasaini, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Tukapeleka nakala moja idara ya afya, nyingine idara ya ardhi. Ombi letu lilikuwa dogo kuliko maombi yote yaliyowahi kuingia serikalini: tunaomba mkubaliane.

Baada ya wiki saba majibu yakaja. Yamekuja mawili, ndani ya bahasha moja. Nadhani walikuwa wanabana matumizi.

Afya walisema ujenzi wa vyoo uanze mara moja, na watakaokaidi watachukuliwa hatua.

Ardhi walisema ujenzi wowote usitishwe mara moja, na watakaokaidi watachukuliwa hatua.

Tarehe moja. Na kwa jinsi nafasi zilivyoachwa, mchapaji mmoja. Huyo dada nampa pole, sijui alijisikiaje.

Ni Mwanaima aliyesoma nyuma ya karatasi yangu ya faini, pale penye maandishi madogo. Yalisema mwananchi asiye na choo atumie choo bora kilicho karibu naye.

Akauliza choo bora kilicho karibu nasi kiko wapi.

Kilikuwa ofisi ya kijiji.

Asubuhi iliyofuata tukaenda. Kwa adabu kabisa, kila mtu na kopo lake. Shikamoo mtendaji, marahaba, habari za nyumbani, tumekuja kutekeleza agizo la afya. Siku ya kwanza Ngassa alicheka. Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu akafunga kufuli, akasema choo ni cha ofisi, kama tuna shida twende ngazi ya juu.

Tukamtii.

Jumatatu tukakodi Fuso, watu arobaini na mmoja, wengi kina mama na wazee. Saa mbili na nusu tuko ofisi ya wilaya. Choo kiko nyuma ya jengo, mlangoni kimeandikwa CHOO CHA WATUMISHI. Mlinzi akatuuliza tumefuata nini, tukamwambia ukweli. Alitafuta kosa kwenye hayo maelezo, akakosa.

Mwanaima alikuwa na masharti mawili. Kila anayetoka anawe mikono. Na kila anayetoka arudi mwisho wa foleni.

Hakukuwa na bango. Hakuna aliyeimba. Watu walipiga stori za mpunga na bei ya dagaa.

Kufika saa nne foleni imezunguka jengo, na watumishi wameshakunywa chai.

Wa kwanza kuja alikuwa Edward, bwana ardhi. Alikuja kwa ule mwendo wa mtu aliyekunywa vikombe viwili. Tukamsalimia vizuri, tukamuelekeza mwisho wa foleni, kule kwenye maegesho. Alipofika, nyuma yake akaja kusimama Theonest.

Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza naona ardhi na afya wako sehemu moja.

Edward akamuuliza Theonest kwa nini anatuma watu kwenye choo cha ofisi. Theonest akasema yeye anawaambia watu wajenge, anayewazuia ni mwenzake.

"Mimi simzuii mtu," Edward akasema. "Zuio liko kwenye jalada."

Mwanaima akageuka, kopo mkononi.

"Basi baba, tuonyeshe hilo jalada."

Ikabidi Edward aseme kwamba ana miaka miwili tu kwenye ile ofisi. Hilo zuio alilikuta, aliambiwa lipo na mtu aliyemwachia kiti. Kulisoma, hajawahi. Na ile barua aliyotujibu? Aliiandika kwa kufuata msimamo wa ofisi.

Akaenda masijala, sisi tukaendelea na foleni.

Ilipita saa nzima. Aliporudi alikuwa anatembea taratibu, hana tena haraka ya choo. Alikuwa na karatasi moja. Akampa Theonest, Theonest akasoma akampa Mwanaima, Mwanaima akanipa mimi niwasomee watu.

Ilisema kampuni imejitoa. Eneo limeachiwa. Wananchi waarifiwe kwamba wako huru kuendelea na shughuli zao zote, ikiwemo ujenzi.

Tarehe yake ilikuwa ya miaka mitatu na miezi minne iliyopita.

Ilitumwa. Hapo siwaonei, ilitumwa kweli. Ila, kwa anwani iliyokuwa juu yake, ilitumwa kijiji kingine cha wilaya hiyo hiyo, ambacho jina lake linatofautiana na letu herufi moja ya mwisho. Huko, ambako hakuna aliyewahi kuona rangi nyekundu, ilisomwa kwenye mkutano wa hadhara kwamba sasa mko huru kujenga. Wakapiga makofi. Baadaye nilikutana na mtu aliyekuwepo, akaniambia walidhani ni ukarimu wa serikali, na mbuzi walichinja.

Pale kwenye foleni watu waliangalia chini.

Mimi nilikuwa napiga hesabu. Siku Herman anafukia lile shimo, hakukuwa na zuio. Siku Mayo anachukua kopo lake anavuka korongo, hakuna mtu duniani aliyekuwa amemkataza kitu. Nilikuja na hasira zangu zote kwa ajili ya ile amri, sasa amri yenyewe haipo. Sikujua niziweke wapi.

Edward akasema pole mama.

Nikamwambia aiandike. Hakunielewa. Nikamwambia aandike barua mpya, jina la kijiji liwe letu, agonge muhuri, na kila kaya ipate nakala yake. Mwanaima akasimama nyuma ya kiti cha mchapaji, akamtajia jina letu herufi moja moja. Hatukuondoka mpaka nakala ya sitini na tatu imetoka.

Herman akachimba tena. Safari hii tofali, bati, mlango wa komeo. Ndani akamtengenezea mama yake kiti cha mbao ya mninga, na vyuma viwili ukutani vya kushikia, maana Mayo sasa anatembea na fimbo na mguu haukunjiki vizuri.

Siku ya kwanza alikaa humo muda mrefu mpaka nikaenda kugonga.

"Niache," akasema. "Napumzika."

Miezi minne mbele tukapata ugeni. Wilaya ilikuja kusherehekea mafanikio ya kampeni ya choo bora, na kitongoji chetu kilikuwa cha kwanza, vyoo sitini na tatu ndani ya wiki sita. Theonest alipewa cheti. Ngassa alihutubia, akaeleza jinsi alivyosimama na wananchi tangu mwanzo. Tukapiga makofi. Sisi ni watu tuliolelewa.

Faini yangu niliulizia. Nikajibiwa ilikuwa halali, kwa sababu siku ile kweli sikuwa na choo.

Ninachokuachia wewe unayesoma ni hiki. Tulitii neno karibu miaka sita kwa sababu lilisemwa na mtu mwenye muhuri mezani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeomba kuona limeandikwa wapi. Si lazima ubishane na serikali. Omba karatasi. Ukiipata, soma jina, halafu soma tarehe.

Mwezi uliopita Ngassa aliitisha mkutano. Akatangaza kwamba kuanzia sasa ni marufuku punda kupita njia ya kisimani, ni agizo kutoka juu.

Kati ya watu ikanyanyuka fimbo moja, polepole.

"Ngassa mwanangu," akasema Mayo Mbuke, "hebu tuisome wote hiyo karatasi."

Ngassa akafungua mkoba wake. Akapekua. Akaufunga. Akasema ataileta mkutano ujao.

Tunamsubiri. Punda wanapita.