Soda ya Machungwa ya Wageni wa Mama

Nimechoka na soda ya machungwa. Nimechoka na rangi yake, na chupa zake tupu zinazojaa nyuma ya jikoni, na zaidi ya yote nimechoka kuonekana mtu mbaya kwa ajili yake.

Mama yangu anaishi upande wa Nyamache, katika shamba la chai ambalo zamani nusu yake ilipandwa wimbi. Mimi nafundisha katika shule ya Sironga, na shule zikifungwa huwa naenda kukaa naye. Marehemu baba alipokuwa hai, mama alikuwa mnene, na hakuna aliyempa pole. Walimsifu! Wakimwona baba sokoni walimshika mkono na kumwambia, "Wewe umetunza mke." Unene huo uliletwa na bonasi ya chai, zile fedha za kila mwaka. Tuliacha viazi vitamu vya asubuhi tukala mkate, tukaacha wimbi tukanunua unga mweupe wa dukani, na kila kitu kikaogelea kwenye mafuta. Hayo ndiyo yaliyokuwa maendeleo, na sisi watoto tuliringa nayo shuleni. Wimbi tungelitoa wapi hata hivyo, nasi tumepanda chai mpaka mlangoni?

Tulipoambiwa kwamba mama ana ugonjwa wa sukari, nilitoka nje ya zahanati kupunga hewa, nikainua macho. Kibao cha zahanati kilikuwa kimepakwa rangi na kampuni ya soda. Jina la zahanati liliandikwa katikati, na pande zote mbili chupa zinatoa povu. Nikacheka peke yangu. Mama aliniuliza nacheka nini, nikamwambia twende nyumbani.

Lakini mama alitii. Alirudi kwenye ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga yetu chungu, akanywa uji bila sukari huku amekunja uso. Akapungua. Gauni la kanisani likamlegea hata akawa analifunga kwa leso kiunoni. Vipimo vikashuka, nami nikafurahi kama mjinga, nikasahau kwamba kijiji kina macho.

Hapa kwetu mtu mzima hapungui hivi hivi. Ama ana ugonjwa usiotajwa, ama watoto wake wanamnyima chakula. Basi wamama wa kanisa wakaanza kuja kumwona. Mkono mtupu haulambwi, na kwa mgonjwa ndio kabisa hauingii. Mama ni Msabato. Wasabato wa kijiji chetu huchuma chai wiki nzima na hawainywi, maana wanasema inasisimua mwili. Soda nyeusi nayo hawaigusi, kwa sababu hiyo hiyo. Kinywaji safi kilichobaki, kisicho na lawama mbele ya Mungu wala watu, ni soda ya machungwa. Kila Sabato baada ya ibada walikuja nayo, pamoja na mikate na sukari. Waliimba, wakaomba, wakamimina. Na mgeni hanywi peke yake. Mgonjwa asipokunywa, ni kama ameyakataa maombi.

Mama alikunywa. Kisha siku moja akajikwaa kwenye kisiki cha mchai, na kidonda cha mguuni kikakataa kupona. Daktari hakuzunguka: sukari isiposhuka, mguu utakatwa.

Siku hiyo nilipandwa na hasira, na sijutii. Nilimngoja kiongozi wa wamama langoni.

"Mama, mnamuua," nilimwambia.

"Mwalimu, sisi ndio tumuue? Sisi tunaomba anone, arudi vile alikuwa."

"Basi mleteeni chinsaga."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona elimu ilivyomharibu mwenzake. "Mgonjwa nimpelekee mboga? Si atajua nimemdharau?"

Nikalifunga lango. Wakaacha kuja. Sukari ikashuka, kidonda kikaanza kukauka pembeni, na daktari akanisifu. Nikampigia ndugu yangu aliye Nairobi nikamwambia tumeshinda.

Mama naye akabaki bila wageni. Sabato alivaa gauni lake, akaketi barazani akiwa ameelekea njia. Tulisikia wamama wakiimba kwa jirani aliyejifungua, sauti ikitufikia juu ya ua, na mama akawa anaitikia sauti ya pili kwa chini. Mwenzake aliyekuwa akiiimba pamoja naye miaka yote alikuwa upande ule wa ua. Chakula alikisogeza. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamweleza tena habari za mguu kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, polepole.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaunyoosha ule mguu uliofungwa bandeji, akautazama.

"Huu mguu ukipona," akaniuliza, "utanipeleka kwa nani?"

Nilikaa pale barazani kando yake, nikimchukia mwenye duka na mwenye kampuni, nikiwachukia na wale wamama, ingawa najua nikifa leo wao ndio watakaolala nje na mama yangu kwenye matanga. Nilichoka mpaka kwenye mifupa. Nikasimama, nikaenda kufungua lango, nikatoka mpaka kwa jirani kuwaita.

Walikuja wote, bila kinyongo, wakiimba tangu njiani. Mama aliinuka kuwapokea bila kushikwa mkono. Kiongozi wao akafungua kikapu akatoa chupa, akaiweka mezani. Mama hakuiangalia chupa, aliniangalia mimi.

Nikaleta vikombe. Cha mama nikachagua kile kidogo kuliko vyote. Alikinywa taratibu akiwa amefumba macho, kisha akakisogeza mbele ili aongezewe.