Harusi Isiyo na Kamati, Juu ya Mto Kagera

Niliondoka Mwanza kwenda kuolewa, na nyumbani hakuna aliyejua. Nianze na sababu, maana najua ndugu zangu watakaosoma haya wataruka moja kwa moja kwenye aibu. Mwaka juzi dada yangu aliolewa kwa harusi kubwa. Kamati ilikaa miezi mitano. Kundi la WhatsApp liligombana wiki nzima kuhusu rangi ya sare. Siku yenyewe ilipofika, MC alizungumza kuliko mchungaji, na dada alijifungia chooni akilia kwa sababu viatu vilimbana na hakuna aliyemsikia kwa kelele za spika. Nilimvua vile viatu mwenyewe, na humo humo chooni nikajiapiza kwamba mimi sitapita njia hiyo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka tisa nimeuchora mto Kagera ubaoni, unavyotoka kusini ukiitenga nchi yetu na Rwanda, unavyokata kona Murongo kuelekea mashariki, hadi unapoingia Ziwa Viktoria. Nimezaliwa Kihanga, wilaya ya Karagwe, na sehemu hiyo ya mto sikuwahi kuiona kwa macho yangu. Nilipompata Novati, fundi wa umeme wa jua ambaye ukimwachia hiari atatembea kwa miguu hadi viatu viishe, tukakubaliana kuoana juu ya kilima huko Kyerwa kinachoutazama mto huo, tukiwa sisi wawili, mchungaji na mashahidi.

Tulijipanga vizuri, au ndivyo tulivyodhani. Matangazo yalisomwa Jumapili tatu katika usharika wetu Mwanza, ambako hakuna mtu wa Kihanga anayesali. Mchungaji mmoja wa Kyerwa, aliyesoma na Novati sekondari, alikubali kutufungisha ndoa nje baada ya kubembelezwa sana. Baba nilipanga kumpigia simu mambo yakiwa yamekwisha. Alijua kuna mwanaume, hakujua zaidi ya hapo. Nilijua atakasirika, nikajifariji kwamba atazoea.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, basi lilitoka Mwanza. Tukavuka Busisi, tukapita Sengerema alikolelewa Novati, kisha Biharamulo na Muleba, na mchana ukaishia humo. Baada ya Kyaka barabara ilianza kupanda milima ya Karagwe, na hewa ikawa ya baridi ile ninayoifahamu tangu utotoni. Basi lilisimama Kihanga kushusha abiria. Kupitia dirishani niliiona migomba ya baba na bati jipya la jiko. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala. Novati alinitazama, kisha akatazama miguu yangu. Tulilala Kayanga, vyumba viwili.

Alhamisi asubuhi tulipanda bodaboda mbili kutoka Omurushaka. Ihanda kahawa ilikuwa imeanikwa mbele ya karibu kila nyumba, na wanaume walisukuma baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi kupanda mlima, kifua kikiwa kimelala juu ya usukani. Huko kote ni migomba tu, imebanana kiasi kwamba nyumba unazijua kwa moshi. Tukaipita Nkwenda, tukaiacha barabara kubwa, tukashika njia ya vumbi kuelekea magharibi.

Halafu migomba ikaisha. Sikuona ilipoishia. Tulipanda kilima kimoja, na upande wa pili hapakuwa na shamba wala nyumba, ni nyasi tu, mgongo baada ya mgongo, na vivuli vya mawingu vikitembea juu yake polepole. Nilimwomba dereva asimame. Nilishuka nikasimama katikati ya njia. Niliogopa kidogo, na ilikuwa hofu nzuri. Novati alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

Mbele bodaboda hazikuweza kuendelea, kwa hiyo tulitembea saa mbili hadi boma la Ta Rwegasira, mfugaji ambaye mchungaji alikuwa amemwomba atupokee. Ta na Ma ndivyo tunavyowaita wakubwa kwa heshima kwetu. Ta Rwegasira ni mrefu, anaongea taratibu, na chakula chake ni maziwa karibu siku nzima. Mkewe, Ma Yustina, ni binti wa wakulima wa Ihanda, na aliniambia wakati tunaosha vyombo kwamba miaka thelathini hajamfundisha mumewe kula ndizi akazifurahia. Ng'ombe walikuwa wanarudi, pembe zao ndefu zikigongana mlangoni mwa zizi, na jua likiwa bado liko juu ya vilima vya Rwanda. Tuliwasalimu wenyeji wetu shikamoo, tukapewa maziwa, tukaulizwa habari za Mwanza. Nilikuwa na furaha kupita kiasi.

Jioni hiyo Ma Yustina alileta sahani ya senene. Ulikuwa msimu wao, Novemba, na alikuwa ametumiwa na dada yake kutoka Ihanda, wamekaangwa vizuri, wekundu. Kwa mgeni hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Nilishukuru nikaomba radhi, nikaeleza kwamba senene ni muziro wetu, yaani mwiko wa ukoo, kitu ambacho ukoo wetu hauli na hauui. Alielewa mara moja, akaisogeza sahani kwa Novati.

Hapa lazima nikiri ujinga wangu. Novati hali senene. Nililijua hilo tangu mwezi wa kwanza, na nililifurahia, nikawatambia rafiki zangu kwamba nimepata mwanaume ambaye sitamnunia kila Novemba. Kila akikaribishwa husema tu hatumii. Amekulia Sengerema, nikadhani hakuzoea. Lakini mbele ya watu wazima, katika boma la watu, alijibu kwa adabu zote alizofundishwa na bibi yake.

"Samahani, mama. Kwetu senene hawaliwi. Bibi alitukataza tangu wadogo, hata kuwakanyaga."

Ma Yustina aliirudisha sahani taratibu. Ta Rwegasira aliweka kibuyu chake cha maziwa chini, akatutazama mmoja mmoja. Hata mimi, msomi wa mjini, najua kwamba watu wa mwiko mmoja kwetu ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Ta Rwegasira aliuliza ukoo wa Novati. Novati hakulijua jina lake. Baba yake alifariki mapema, na babu yake alihamia Sengerema akiwa kijana, akawaachia wajukuu mwiko bila maelezo yake. Kisha mzee akanigeukia.

"Baba yako yu hai?"

"Yu hai."

"Yuko wapi?"

"Kihanga."

Alifikiri. "Mmepitaje Kihanga bila kumwuliza?"

Mzee hakufoka. Alisema kilima si chake na hawezi kutuzuia, ila yeye na mkewe hawatatusindikiza mpaka baba yangu aseme neno. Simu zilikuwa hazishiki bomani. Ma Yustina alisema mtandao unapatikana sehemu moja tu, juu ya kilima kile kile tulichokichagua.

Ijumaa alfajiri tulipanda, mimi na Novati, bila kushikana mikono. Hakuna aliyetukataza, ila mikono yenyewe ilikataa. Nyasi zilikuwa na umande, tukalowa hadi magotini. Tulipofika juu, bonde lote lilikuwa limejaa ukungu, mweupe, umetulia, vilima vikichomoza ndani yake kama visiwa. Kisha jua likatoka nyuma yetu na ukungu ukaanza kupasuka, na pale chini, mbali sana, nikauona mto. Ulikuwa mpana kuliko chaki yangu ilivyowahi kuuchora, ukijikunja katikati ya mafunjo, ukimeta, ukielekea Murongo bila haraka. Ng'ambo ilikuwa Rwanda. Ndege weupe walipita chini yetu, nikaona migongo yao. Machozi yalinitoka, na sikujua ni ya uzuri ule au ya kuogopa kwamba nimeuona pamoja na kaka yangu.

Simu ilipokea kwanza ujumbe wa kutukaribisha Rwanda. Nikatafuta mtandao wa kwetu, nikampigia baba, nikamweleza yote, hata habari za kujificha ndani ya basi. Kisha akaomba kuongea na Novati, akamwuliza jina la babu yake na kijiji alikotoka. Novati alijua jina, kijiji hakukijua. Baba akataka nirudishiwe simu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Na wewe hujui. Njooni nyumbani."

Angenitukana ingekuwa rahisi zaidi.

Mchungaji alifika saa tatu na mashahidi wake wawili, joho likiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tulimweleza. Alisema kwa upole kwamba matangazo yamesomwa, sheria haina pingamizi, kanisa halina pingamizi, na kama tukitaka atatufungisha sasa hivi, tuamue wenyewe. Nilimtazama Novati.

"Ukisema leo, nitakuoa leo," alisema. "Lakini sitaki uniangalie kila Novemba ukijiuliza mimi ni nani yako."

Basi tukashuka. Sijawahi kushuka mlima mrefu kama ule. Kabla ya kuondoka bomani, Novati alipanda tena peke yake kumpigia baba yake mdogo Sengerema, akarudi na vitu viwili ambavyo hakuwahi kuvijua: jina la ukoo wake, na kwamba babu yake alizaliwa Missenyi. Ma Yustina alitufungia maziwa ya mgando ya safari. Hakusema neno la kutufariji, nami nilimshukuru kwa hilo.

Jumamosi mchana tulishuka Kihanga. Baba alikuwa barabarani, amevaa koti la kanisani, na pembeni yake shangazi, dada yake mkubwa, ambaye kwetu ndiye anayejua nani kazaliwa na nani. Baba aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama. Tulipewa kahawa ya kutafuna, tukakalishwa, na Novati akaanza kuulizwa. Shangazi aliuliza jina la ukoo, kijiji cha babu, jirani zao, walikokuja kabla ya Missenyi. Kwa kila jibu alifumba macho. Mimi nilikuwa nahesabu migomba kupitia mlangoni ili nisilie. Nilikuwa nimekimbia kamati na spika na sare, na ndani ya fujo ile ile niliyoikimbia kulikuwa na mshenga, na kazi ya mshenga ni kuuliza maswali haya mapema, kabla watu hawajapendana mpaka ikawauma. Nilivitupa vyote pamoja bila kuchagua. Hilo ndilo nililojifunza, na nilijifunza nikiwa nimekaa sakafuni pale, kabla sijajua jibu.

Mwishowe shangazi alifumbua macho. Alisema senene wa watu wale na senene wa kwetu hawakutoka nyumba moja. Wao walitoka Uganda na mwiko wao, sisi wetu tuliukuta Karagwe. Dada wa babu yangu aliolewa kwao, akazaa, na wazee wa siku zile walicheza ngoma.

"Wanaoana," alisema. "Tena wakae vizuri."

Novati aliinamisha kichwa magotini. Nikamshika mkono mbele ya baba, jambo ambalo kwetu halifanywi, na baba akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nilimwambia baba kwamba nimekosa, na kwamba akitaka harusi ya kamati, na iwe ya kamati. Alifikiri kidogo, akasema ile ya dada ilimuumiza masikio wiki nzima. Kisha akauliza huo mlima uko wapi hasa.

Jumamosi iliyofuata tulipanda tena, safari hii watu tisa. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha. Shangazi alifikishwa na bodaboda hadi inapoweza kufika, halafu akaja kwa fimbo, akipumzika kila hatua ishirini na kutukataza tusimsubiri. Ta Rwegasira aliongoza mbele. Ma Yustina alinivalisha kitenge kilichonunuliwa Murongo, akanipaka siagi mikononi.

Baba ameishi Kihanga miaka yake yote na hakuwahi kufika upande huu. Alipofika juu alitembea moja kwa moja hadi ukingoni, akasimama. Bonde lilikuwa wazi lote. Mto, mafunjo, vilima vya Rwanda vikififia kimoja nyuma ya kingine, na upande wa Murongo mvua ikinyesha sehemu moja tu, nyeusi, huku kwetu jua likiwaka. Mchungaji alivaa joho, upepo ukalipeperusha. Akasoma, akafika mahali pa kuuliza ni nani anayemtoa binti huyu.

Baba hakujibu. Shangazi alimgusa kwa fimbo.

"Ngoja kidogo, mchungaji," baba alisema. "Natazama."

Tukangoja. Kisha akageuka, macho yamelowa, akanishika mkono, akauweka ndani ya mkono wa Novati na kuufunika kwa mikono yake miwili.

"Ninamtoa mimi," alisema. "Hakuibiwa."