Salamu Niliyoimalizia Siku ya Kuagwa

Siku ya kwanza kuripoti kazini, kule Migato, nilifika na viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mwalimu Mkuu alisoma barua yangu ya kupangiwa kituo, akaiangalia miguu yangu, akacheka. "Mwalimu, hapa kumjua mtoto kwa jina tu haitoshi. Muulize kwa Kisukuma, 'Ng'wana nani?' Akikutajia baba na babu, huyo umempata."

Mtoto wa nani. Nikalifanya swali hilo desturi yangu. Kila nilipoita mahudhurio, mwanafunzi alisimama akataja jina lake, la baba na la babu. Hata utoro ulipungua, maana hakuna aliyetaka kumwaibisha babu yake. Nilipohamia sekondari moja ya Bariadi mjini kufundisha Historia, nikahama na desturi yangu.

Huko nilimkuta Dafroza, mpishi wa shule, mwanamke mpole aliyekulia Kiloleli. Asubuhi ya kwanza nikamsalimu, "Mwangaluka, mama. Ng'wana nani?" Akaweka mwiko chini, akaingia stoo. Nikaona ana maringo. Nikambandika jina, Ng'wana Kimya, walimu wakalidaka, na tukawa tunamtania nalo kila tulipofuata uji. Yeye alinijazia kikombe bila neno. Hadi leo naona haya.

Kisha nikapelekwa semina Mwanza. Shirika moja la kimataifa lilikuwa likiwaandaa walimu kufundisha habari za mauaji ya kimbari, yaani kuua watu ili jamii yao nzima itoweke. Andalio langu la somo, ule mpango wa kipindi, lilijaa idadi ya waliokufa. Mwezeshaji, mama mmoja mkali kidogo, alilisoma akanirudishia. "Mwalimu, hakuna mtoto atakayeililia tarakimu. Anza na mtu mmoja. Jina lake, chakula alichokipenda."

Halafu akatusikilizisha sauti ya manusura wa Rwanda, akisimulia vizuizi vya barabarani ambako watu waliulizwa wazazi wao ni akina nani, na jibu likawaua. Nikamkumbuka Dafroza na mwiko wake.

Niliporudi nilipitia jikoni kabla ya ofisini.

"Dada, nisamehe. Sikujua nilichokuwa nakuuliza."

Aliweka ungo wa mchele chini. "Nilikuwa na miaka sita, Mwalimu. Mama aliniambia njiani, tukiikimbia Rwanda, wakikuuliza mtoto wa nani, nyamaza. Nikanyamaza. Yeye walimjua."

Sikumwomba aje kusimulia darasani, ingawa nilitamani sana. Ninyi walimu vijana mnaosoma haya, kujizuia kule najivunia kuliko vyeti vyangu vyote. Lile jina la utani nililikomesha, na kila Aprili, mwezi wa kumbukumbu ya mauaji yale, Kidato cha Tatu walianza somo na mtu mmoja. Mara nyingine nilimwona Dafroza nje ya dirisha na ndoo yake, akisikiliza.

Mwaka huu nimestaafu. Siku ya kuniaga, Mkuu wa Shule alipouliza nani ana neno, Dafroza alisimama na aproni yake.

"Mwalimu, uliniuliza siku nyingi," alisema mbele ya shule nzima. "Mimi ni mtoto wa Mukamana, mjukuu wa Gasana. Mama alipenda viazi vya kuchoma."

Hotuba yangu ilibaki mfukoni. Ilikuwa jioni, lakini salamu niliyompa miaka ile ilikuwa ya asubuhi, nami nikaimalizia hivyo hivyo, machozi yakinitoka.

"Mwangaluka, ng'wana Mukamana."