Redio Iliyoamka na Jua

Mama aliniomba nitoe redio kwenye gari lililomuua kaka yangu, niifunge kwenye gari langu, nami nikakubali. Nilipaswa kukataa. Sababu nilikuwa nazo. Gari langu lilikuwa na redio yake, na mama mwenyewe, ijapokuwa aliimba kwaya tangu ujana na mambo ya wazee aliyaacha zamani, hakuwahi kuruhusu hata kiatu cha mtu aliyefia barabarani kiingie bomani kwake.

Lakini tangu mazishi alikuwa hali chakula. Nilimpelekea muthokoi wa mahindi na maharagwe, akaugeuza na kijiko mpaka ukapoa. Siku hiyo alinishika mkono.

"Sauti yake imo humo," akasema. "Utaiacha ilale Malili na vyuma?"

Kaka alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa letu hapa Migwani. Mazoezi aliyarekodi kwa simu, akayaweka kwenye flashi, akawa anayasikiliza akiendesha ili ajue ni wapi waimbaji wanakosea. Mama alilijua hilo kwa sababu aliwahi kupanda naye.

Gari lilikuwa limewekwa kwenye yadi ya Malili, kando ya barabara kuu. Mlinzi alinifungulia, akanitazama nikishuka na bisibisi na plaizi.

"Mzee, wengine huja kuchukua injini. Wewe unataka redio tu?"

"Redio tu."

"Basi ikikuita, usiitike."

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshaingiza kichwa chini ya dashibodi. Vioo vilivyovunjika vilikuwa bado kwenye kiti, na flashi ilikuwa bado imechomekwa. Nilikata soketi pamoja na nyaya zake, nikaacha urefu wa mkono mmoja, kama nilivyozoea nilipokuwa na kibanda changu cha umeme wa magari kule Kambu. Kwa hiyo niliporudi nyumbani niliunganisha nyaya za gari lake na za gari langu, rangi kwa rangi, nikazisokota na kuzifunga kwa tepu.

Redio ya gari ina waya wa njano, ambao hupata moto wa umeme wakati wote ili ikumbuke ilipoishia. Ina pia waya mwekundu, ambao hupata moto ukiwasha ufunguo. Mama hakuweza kuzungusha ufunguo. Vidole vyake vilikuwa vimepinda na macho yalikuwa yakififia. Nikaunga wa njano na mwekundu pamoja, ili redio icheze bila ufunguo. Kule Kambu niliwafanyia hivyo wauza matikiti waliopenda kusikiliza muziki wakingoja wateja, nao walinirudia wakilia betri imekufa. Nikakumbuka hilo, nikajiona mwerevu: nikaweka paneli ndogo ya sola juu ya gari iijaze betri, na gari lenyewe, ambalo lilikuwa halitoki sana, nikaliacha juani kando ya ghala la mahindi.

Siku ya kwanza mama alikaa kiti cha mbele, mlango wazi, sahani mapajani. Kaka akasema ndani ya spika, "Alto, mmepotea. Rudini nyuma. Anzeni tena." Mama akala akamaliza.

Nilifurahi. Siwezi kusema sikufurahi.

Usiku betri ilishuka na redio ikazimika. Asubuhi nilikuwa nafunga mbuzi, jua likiwa limeanza kuchoma mabati, niliposikia mtu akikohoa nyuma ya ghala. Halafu akasema, "Haya, simameni vizuri." Mbuzi alinitoka mkononi. Nilizunguka ghala. Gari lilikuwa limefungwa milango na vioo, halina mtu, na kaka yangu alikuwa akihesabu mapigo ndani yake.

Nilijua ni nini. Paneli imepata jua, betri imepanda, na kwa kuwa nyaya mbili zile zimeungana, redio, iliyosahau ilipoishia betri ilipokufa, imeamka yenyewe na kuanza flashi upya. Ningeweza kumweleza mtu yeyote. Hata hivyo nilisimama mbali na gari mpaka wimbo ukaisha.

Ikawa hivyo kila siku. Jua likipanda, anakohoa. Jirani aliyekuwa akipita uani kwetu kwenda kisimani akaanza kuzunguka kwa njia ya juu. Nilipomuuliza, alisema, "Huko kwenu marehemu anaamka mapema kuliko walio hai. Mimi siwezi kumpita bila salamu, na kumsalimu siwezi."

Mama ndiye hakuogopa. Alikuwa akimngoja. Kaka aliposema rudini, yeye alirudi. Aliposema anzeni, alianza kwa sauti ile nyembamba aliyobaki nayo. Kati ya nyimbo, kaka alinyamaza kama mtu anayesikiliza, na mama akautumia ukimya huo kumweleza habari za nyumbani. Alimwambia kuhusu mvua. Alimwambia kuna fundi mpole anayemletea chakula.

Nilidhani anatania.

Siku moja, mama alipomaliza sehemu yake ya alto, nilisikia kaka akisema, taratibu, "Sasa ni vizuri." Nimeisikiliza flashi ile yote baadaye, mara nyingi, na maneno hayo sijayapata. Labda yamo mahali nilipopitiwa na usingizi. Rekodi zilikuwa nyingi.

Hapo ndipo nilipopaswa kuing'oa redio. Nikajiambia, anakula, analala, mwache. Mchungaji alinishauri nimtoe garini kidogo kidogo, nimkalishe na watu wa nyumbani, nimtajie majina. Nikasema ndiyo, nikarudi kufuta vumbi kwenye paneli.

Kisha ukaja mwezi wa saba na baridi yake. Wingu lilitanda juu ya Migwani, jua halikuonekana, na redio haikuamka. Mama alikaa garini na shuka lake tangu asubuhi.

"Fundi," akaniambia, "amekasirika. Mwite."

"Mwaitu, mama yangu, hayupo. Tulimzika. Mimi ndiye niliyebaki."

"Wewe ni mtu mzuri. Lakini mwite."

Nilikasirika, na nilikuwa na wivu, nikiwa mzee mwenye wajukuu. Nilichukua plaizi, nikapiga magoti upande wa dereva, nikakata waya wa njano na mwekundu mbele yake. Nikatoa redio na kuiweka chini. Nilitegemea kwamba ikinyamaza kabisa, atageuka aniangalie.

Aligeuka. Alipapasa shimo la dashibodi, akagusa ncha za nyaya, kisha akanipapasa uso, paji na mashavu, polepole, kama anayetafuta kitu.

"Fundi," akasema, "na wewe mama yako yuko hai?"

Nikamwambia yuko.

"Mrudie," akasema. "Atakuwa anakutafuta."

Niliirudisha redio jioni hiyohiyo, na jua liliporudi kaka alikohoa tena, lakini mimi hakuna waya ambao ungeniunga na mama. Nilimtajia jina langu, nililala mlangoni kwake, nilimwimbia nyimbo alizonifundisha nikiwa mtoto. Alinishukuru kila mara kwa heshima anayopewa mgeni. Hata siku ya mwisho, nilipomshika kichwa ili anywe maji, alimwomba Mungu amlinde fundi huyu njiani kwenda kwao.

Kaka alikufa barabarani, na hilo si kosa langu. Mama nilimpoteza mimi mwenyewe. Nilikubali kumfungia redio, nikaitunza badala ya kukaa naye, naye akafa bila kujua kwamba alikuwa na mwana aliyebaki.